Kichupa Kisicho na Harufu

Kazini walimwita Wembe, na jina lilimkaa sawasawa. Kazi yake ilikuwa kukata bongo za panya katika maabara ya chuo, vipande vyembamba mno, hata ukikiweka kimoja juu ya gazeti ungesoma habari zote bila kukisogeza. Watu wakisikia neno maabara huona makoti meupe na miwani mikubwa. Hawaoni baridi. Ubongo hukatwa ukiwa umegandishwa, na mashine ya kukatia haitaki joto wala pupa, kwa hiyo Wembe aliingia chumbani mwake na sweta mbili hata siku ambazo nje watu walikuwa wakijipepea kwa madaftari. Kisu kilipopita, kipande kilijikunja ukingoni, naye akakiokota kwa brashi ndogo ya kuchorea, akakiachia majini kikakunjuka, halafu akakipandisha juu ya kioo. Mwanafunzi aliyepiga chafya karibu naye hakurudi tena chumbani humo siku hiyo.

Panya wale hawakukatwa bure. Kabla hawajafa walikuwa wametiwa rangi mbele kabisa ya ubongo, mahali harufu inapoingilia. Rangi ile ilitembea taratibu ndani ya nyuzi za neva, na ukikiweka kioo chini ya hadubini yenye mwanga wake maalumu, unaziona nyuzi zikiwaka kijani gizani na unajua harufu inapita njia gani na inaishia wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya maabara nzima: kufuata njia ya harufu tangu puani hadi kwenye kumbukumbu.

Mkuu wa maabara aliitwa Daktari tu. Alikuwa mdogo kwa Wembe kwa umri na mkubwa kwake kwa cheo, na hawakuwahi kugombana juu ya hilo. Kila walipoingia wanafunzi wapya, Daktari aliwakusanya mbele ya picha kubwa ya ubongo, naye Wembe alisimama pembeni na brashi yake akionyesha.

"Macho yana foleni," Daktari alikuwa akisema. "Masikio pia, na mikono pia. Unachokiona, unachokisikia, unachokigusa, vyote vinapita kwanza kwenye kituo cha katikati ya ubongo. Vikishakaguliwa pale ndipo vinaruhusiwa kwenda kwenye gamba la juu. Sasa harufu haipangi foleni. Inatoka puani, inaingia kwenye hivi vinundu viwili kama vitunguu hapa mbele, na kutoka hapo inakwenda moja kwa moja kwenye gamba la kunusia. Hatua moja mbele, iko wapi, dada Wembe?"

"Mlangoni," Wembe anajibu, na brashi inagusa kipande kidogo cha gamba upande wa chini.

Mlangoni lilikuwa jina lao la humo ndani. Vitabu vina jina refu linalovunja ulimi, lakini wao walipaita hivyo kwa sababu ndivyo palivyo: njia ya harufu inafika pale, na upande wa pili wa pale ndiko iliko ile sehemu iliyojikunja inayotunza kumbukumbu. Kwa panya ni hivyo, kwa mbwa ni hivyo, kwa mtu ni hivyo. Daktari alimalizia kila mara kwa maneno yaleyale, kwamba ndiyo maana mtu anaweza kupita mahali, akasikia harufu ya rangi ya mlango, akajikuta yuko nyumbani kwa bibi yake aliyekufa zamani. Wanafunzi walicheka kidogo na kuandika. Wembe alikuwa ameyasikia maneno hayo mpaka yakawa hayaingii tena masikioni, hadi mama yake alipoanza kumsahau.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, mapazia, magauni ya arusi na hata suti moja ya marehemu ambayo familia iliileta asubuhi na kuitaka mchana, naye akaimaliza na kuipiga pasi. Ndiye aliyemsomesha Wembe na mdogo wake kwa cherehani moja ya miguu. Wembe alipokuwa mtoto hakula kitu bila kukinusa kwanza, hata maji, na mama yake akampachika jina la Kipua. "Kipua, acha kunusa, kula!" Jina hilo halikujulikana na mtu yeyote kazini, na angekutoa macho kama ungelitamka. Lilikuwa la mama yake.

Ugonjwa wa mama ulianza kwa mambo ya kuchekesha. Aliweka mkasi kwenye jokofu. Alitia uzi kwenye sindano kisha akasahau anachotaka kushona, akaanza kuutoa na kuutia tena. Baadaye mambo hayakuchekesha. Alipotea akienda dukani, duka lenyewe likiwa mlango wa tatu. Wembe akamleta nyumbani kwake, akampa chumba chenye dirisha, na wifi yake, mke wa mdogo wake, aliyekuwa akiishi jirani, akakubali kushinda naye mchana. Wifi alikuwa mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kazi, na bila yeye Wembe angeacha ajira.

Halafu ikaja jioni ile. Wembe alirudi kutoka kazini, akaingia chumbani kwa mama yake kama kawaida, akaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu kwa uchangamfu, akajitengeneza kitenge. "Karibu, dada. Kaa hapo. Samahani, macho yangu siku hizi. Wewe ni wa wapi?"

Wembe alisimama pale na mkoba wake begani. Alicheka, akidhani ni mzaha, kwa kuwa mama yake alikuwa mtu wa mizaha. Kisha akaona uso wa mama yake, uso wa mtu anayemsubiri mgeni ajitambulishe, akaacha kucheka. Alisema jina lake. Mama akasema ni jina zuri.

Kuanzia hapo Wembe alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani. Hakutarajia mama apone, alijua haponi. Alitaka aitwe Kipua mara moja tu tena, kabla mlango haujafungwa kabisa. Na wazo lilimjia mchana mmoja, brashi mkononi, wakati Daktari akiwaambia wanafunzi kwamba harufu haipangi foleni. Lilimpiga kama mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima kumbe anazo mfukoni. Yeye, anayezifuata nyuzi zile kila siku kwa macho yake, alikuwa amekaa anamwonyesha mama picha! Anamsemesha! Anamtia kwenye foleni ndefu ya macho na masikio, wakati njia ya mkato anaijua kuliko njia ya kwenda kwake.

Alifanya kama wanavyofanya katika chumba cha panya. Alitafuta vichupa vidogo vyenye vifuniko vyeusi, akatia pamba ndani ya kila kimoja, na juu ya pamba akadondoshea kitu: mafuta ya cherehani, sabuni ya kufulia, kahawa, maji ya limau, mafuta ya taa. Kimoja alikitia chembe za chaki ya fundi zilizokorogwa na maji, kwa sababu alikumbuka vidole vya mama yake. Katika chumba cha panya huwa kuna kichupa kimoja zaidi, chenye pamba na maji matupu, kisicho na harufu yoyote. Hicho ndicho kinachokuambia kama panya ananusa kweli au anabahatisha. Wembe alikuwa mkali sana juu ya kichupa hicho. Aliwahi kumrudishia mwanafunzi kazi ya mwezi mzima kwa kukisahau.

Nyumbani hakukitengeneza. Alijiambia kwamba mama si panya.

"Wifi," alisema wifi yake alipoviona vimepangwa juu ya meza, "wenzako wakitoka kazini wanaleta nyama. Wewe unaleta pamba!"

"Ni dawa."

"Ya kunywa?"

"Ya kunusa."

Wifi alitingisha kichwa, akachukua kikapu chake akaenda zake kupika kwake.

Wembe alianza na mafuta ya cherehani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua kichupa, akakisogeza chini ya pua ya mama yake, akamtazama usoni bila kupepesa. Mama aliitazama pamba ile iliyolowa rangi ya manjano. Akavuta pumzi. Akatulia.

"Mmh," alisema. "Nzuri. Ni ya cherehani hii."

Wembe akakiweka kichupa sakafuni. Alimkumbatia mama yake, na mama, ambaye hakujua huyu dada amepatwa na nini, akampigapiga mgongoni. Siku iliyofuata akaleta kahawa. "Nzuri." Limau. "Nzuri hiyo, inachangamsha." Chaki. Mama alivuta pumzi kwa kirefu, akafumba macho, akasema, "Hii inanikumbusha mbali sana." Wembe hakulala vizuri kwa furaha. Hakuwa bado ameitwa Kipua, lakini aliona nyuzi zinawaka. Alikuwa na hakika kwamba akivumilia, jina litakuja lenyewe.

Kazini alijikaza kunyamaza, akashindwa. Alimweleza Daktari wakiwa wanakunywa chai, akitumia mikono yote miwili, akaeleza vichupa, pamba, jinsi mama alivyofumba macho. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na huruma, na mtu mwenye huruma ndiye mgumu zaidi kumjibu.

"Na kwa kichupa kisicho na harufu alisemaje?" Daktari aliuliza.

Wembe aliangalia kikombe chake, akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu alipoajiriwa.

Jioni ile alitia pamba safi kwenye kichupa, akadondoshea maji ya bomba, akafunga kifuniko. Njia nzima kutoka jikoni hadi chumbani alijiambia kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya kumnyamazisha Daktari. Akaamkia, akaitikiwa, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mama aliinua uso mwenyewe, kama mtu aliyekwishazoea kazi yake. Alinusa. Alifumba macho. Akavuta tena.

"Ahaa," alisema, akitabasamu. "Ya leo ni nzuri kuliko zote."

Wembe alimkasirikia mama yake. Ni jambo baya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alitoka chumbani, akasimama jikoni akiwa ameshika sinki kwa mikono miwili, na katika moyo wake alimwita mama yake mwongo. Aliona panya ni mkweli kuliko yeye, maana panya hana adabu. Kisichonukia hakinukii, anakigeuzia mgongo. Hasira ilipomtoka ilimwacha hana nguvu hata ya kuwasha jiko.

Kesho yake Daktari hakuuliza kitu. Alimwona alivyoingia na sweta moja badala ya mbili, akamwita kwenye hadubini. Aliweka kioo chenye kipande ambacho hakikukatwa na Wembe; kilitoka katika hifadhi ya chuo kingine, ubongo wa mtu aliyekufa kwa ugonjwa uleule wa kusahau.

"Nikuonyeshe, au tuache?" aliuliza.

"Nionyeshe."

Wembe aliinama. Hakuhitaji kuelekezwa. Macho yake yalikwenda yenyewe upande wa chini, kwenye kile kipande kidogo, na akakikuta kimesinyaa, kimejaa madoa, chembe zake nyingi hazipo. Palikuwa kama fremu ya mlango iliyoliwa na mchwa, umbo lipo na mbao hakuna.

"Mara nyingi huu ugonjwa unaanzia papo hapo," Daktari alisema kwa sauti ya chini. "Kabla hata ya majina kuanza kupotea. Wengi wao pua huenda kwanza, na hawajui kama imekwenda. Hakuna anayewauliza."

Wembe alijua. Hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa amelisikia likisemwa, alikuwa amelisoma, na angeweza kumfundisha mwanafunzi yeyote. Mlango ambao harufu inauingilia ndio uleule ugonjwa unaoanza kuubomoa, na yeye alikuwa ameuchagua huo katika nyumba nzima, akaubisha kila jioni kwa wiki kadhaa. Alilijua kwa panya na kwa vioo, akakataa kulijua kwa mama yake. Alilia pale pale hadubinini, na Daktari akatoka akasimama nje ya chumba ili mtu asiingie.

Walimruhusu aondoke mapema. Alifika nyumbani jua likiwa bado kali, akapitia mlango wa nyuma kwa sababu viatu vyake vilikuwa na tope la bustani ya chuo. Wifi na mama walikuwa chumbani, mlango wazi. Wifi alikuwa akimsuka mama nywele, na walikuwa wakizungumza.

"Yule mama wa vichupa anakuja leo?" mama aliuliza.

"Atakuja, mama. Kwani humtaki?"

"Namtaka. Ila nachoka kufikiria cha kumwambia." Sega lilipita mara moja. "Kila akija ananitazama mdomoni, ananitazama, kama kuna kitu anakisubiri kitoke. Nikisema nzuri, anafurahi mpaka namwonea huruma. Basi nasema nzuri."

"Kwani harufu yenyewe unaisikia?"

"Sisikii hata kidogo, mwanangu. Hata ya moshi sisikii siku hizi. Lakini utamwambiaje mtu? Ana shida kubwa yule mwanamke. Nadhani amepotelewa na mtu."

Wembe, akiwa ameegemea ukuta wa ukumbini na kiatu kimoja mkononi, alisikia sega limesimama.

"Na wewe usimwambie kama nimekuambia," mama akaongeza. "Atavunjika moyo."

Wembe alikaa chini pale ukumbini, sakafuni. Asubuhi ile alikuwa amefikiri kwamba ndani ya mama yake hakuna tena mtu, kuna adabu tu inayojiendesha yenyewe, kama cherehani ya miguu inavyozunguka kidogo baada ya fundi kuinuka. Sasa akasikia kwamba mtu yupo. Hamjui Wembe, hamkumbuki, hana habari kama aliwahi kumzaa, na bado jioni baada ya jioni alikuwa amekaa akijitahidi, kwa nguvu zake chache zilizobaki, asimwumize mgeni. Alikuwa ameshona kila jibu kwa kipimo cha aliyekaa mbele yake. Hivyo ndivyo alivyokuwa siku zote. Wateja wake waliokonda kwa ugonjwa hawakuambiwa kwamba nguo imepunguzwa.

Wifi alitoka na bakuli la mafuta, akamkuta pale. Akaelewa. Akamshika bega, akapita kwenda jikoni.

Wembe alinawa uso. Aliingia chumbani mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibu." Mama alimtazama mikono, akatazama na mkoba. "Leo hukuleta?"

"Sikuleta. Nimeona tupumzike."

Mama alishusha pumzi, waziwazi, kama mtoto aliyeambiwa hakuna shule. Kisha akakumbuka kwamba si vizuri kuonyesha, akasema, "Vilikuwa vizuri lakini."

"Najua, mama. Ahsante kwa kunivumilia."

Nje mtu alikuwa akiburuta mtungi wa gesi juu ya lami. Mama aligusa nywele zake mpya, akainama mbele kidogo, akauliza taratibu, kama mtu anayegonga chumba cha mgonjwa.

"Uliyempoteza ni nani, dada?"

Wembe alitaka kusema hakuna. Lakini alikuwa amechoka kujaribu na kujificha.

"Ni mama yangu."

"Pole sana. Alikufa?"

"Hapana. Hajafa."

"Ah." Mama akafikiri. "Ni mtu wa namna gani? Huenda nimemwona."

Basi Wembe akamweleza. Alieleza kwamba ni fundi cherehani, mfupi, mwenye sauti kubwa, asiyekula mpaka wenzake wamekula. Alieleza suti ya marehemu iliyoletwa asubuhi ikaisha mchana. Alieleza jinsi anavyoweza kumwambia mtu uongo mzuri ili asimwone akilia. Mama alisikiliza yote, akitikisa kichwa, macho yakimtoka kwa kujaribu kukumbuka.

"Huyo simjui," alisema mwisho, kwa masikitiko ya kweli. "Ningependa kumjua. Inaonekana ni mtu mzuri."

"Ni mtu mzuri."

"Basi usimtafute kwa kukimbiakimbia, utaumwa. Kaa hapa na mimi. Mimi nina binti, yuko kazini, naye huwa anachelewa. Tutakuwa tunawasubiri wote wawili."

Akajivuta upande wa ukutani, akapangusa shuka kwa kiganja, akamwachia mgeni wake nafasi kitandani.